Mtu wa Kilo Sabini

Busia, upande wa Uganda
Jumanne, 11 Februari 2025

Baba yangu, Mzee Ebong,

Nasimama mbele yako kwanza, visigino pamoja, mikono imenyooka, kama ulivyotufundisha mimi na Ikiring tulipokuwa bado na meno ya utoto, na nangoja uniambie nipumzike. Habari ya mguu wako? Ile risasi bado inakuamsha, au joto hili la Februari limeituliza kidogo? Na Mama je, presha yake imeshuka? Yule ng'ombe mwekundu aliyekuwa na mimba, amezaa dume au jike? Huku Busia tunaamka, tunapumua, jua linatuchoma na vumbi la malori linatupaka rangi. Lakini nikisema kwamba sisi ni wazima nitakuwa nakudanganya, na barua hii naiandika ili niache kukudanganya.

Utashangaa kuona karatasi siku hizi za simu. Nimepiga simu yako mara tatu tangu Jumamosi, na mara zote amepokea kaka Ikiring. Anaanza kwa kunicheka, ananiuliza kama bado nakula, kisha ananieleza mipango ambayo mtu aliyebatizwa hapaswi kuisikia. Kwa hiyo nimempa dada Amuge barua hii, maana alikuja sokoni leo, aibebe ndani ya nguo mpaka mkononi mwako. Nimeandika kwa Kiswahili, lugha uliyotoka nayo jeshini, ile uliyokuwa ukitufokea nayo. Ateso ni lugha ya Mama, na ndani yake ningejificha. Tafadhali vaa miwani, isome mwenyewe, na ukifika mahali pa kutaka kuichana, usiichane. Endelea.

Jambo lenyewe ni hili. Ijumaa hii Clifford, yule aliyepigwa ghalani, anaruhusiwa kutoka hospitali. Ikiring na vijana watano wa Merikit wameshakodi pikipiki tatu. Wanataka kumngoja nje ya lango, wamfuate mpaka ile njia ya vichochoro ya kuvukia Kenya, na hapo wammalize. Ikiring ameniambia kwa mdomo wake mwenyewe, tena anataka mimi nimpigie yeye simu mara tu Clifford anapoanza kutoka. Polisi walikuja siku ile, wakauliza nani alimpiga, watu zaidi ya thelathini wakasema walikuwa wanaangalia upande mwingine, polisi wakafunga daftari wakaenda. Hakuna anayeweza kumzuia kaka isipokuwa wewe. Ana miaka thelathini na sita na watoto wanne, lakini wewe ukikohoa tu anaficha mikono.

Najua Ikiring alikusimulia yaliyotokea hapa ghalani Jumatatu ya wiki iliyopita. Alikusimulia akiwa na damu ya moto, na nasikia ulimpa mkono ukamwambia amefanya kazi ya mwanamume. Mimi nilikuwepo kabla yake. Naomba na mimi unisikilize.

Asubuhi ile alikuja mama mmoja mjane kutoka Nagongera, jina lake Proscovia, na magunia manne ya maharagwe. Yule mama si mjinga. Kabla ya kuja alikuwa ameyapima kwenye mizani ya kanisani kwao, na kwenye kila gunia aliandika kwa mkaa: mia. Clifford, karani wa mizani, yule kijana Msamia kutoka upande wa Kenya, akaweka gunia la kwanza. Sabini na tisa. La pili, themanini. Mama hakulia wala hakupiga kelele. Aliketi juu ya maharagwe yake akasema hatoki hapo mpaka aelezwe kilo zake zimeenda wapi.

Watu wakaanza kukusanyika. Swabur, mwenye ghala, alitoka ndani akifuta mikono, akamwambia mama kwamba maharagwe hukauka njiani, hupungua. Mtu mmoja nyuma akauliza kama yalitoka Nagongera kwa miguu. Watu wakacheka, na kicheko kile ndicho kilichoharibu mambo, kwa sababu Swabur hapendi kuchekwa. Akasema yeye ni mfanyabiashara tu, mashine haijui, vidole vinavyobonyeza vile vitufe ni vya Clifford. Baada ya hapo akarudi ndani. Maneno yale aliyaacha uwanjani mtu anavyoacha jiko la mkaa katikati ya watoto.

Kaka Ikiring alikuwa amekuja na mtama wa jirani. Nilimwona akisogea mbele. Wakaniita mimi. Walisema, Sabini apande, Sabini apande tuone. Nikapanda. Baba, ile taa nyekundu ilisoma sabini kamili. Mzee mmoja akasema kwamba kama mizani ni nzima, basi mwenye kuishika ndiye mbovu, lazima anabonyeza kitu.

Clifford hakukimbia. Aliniangalia mimi, akasema, "Herbert, waambie."

Sikusema. Nilishuka.

Pigo la kwanza lilikuwa la Ikiring, na lilikuwa la kulabu, kile chuma tunachoinulia magunia. Ilimwingia Clifford begani ikatokea kwapani, na Ikiring akamvuta nayo kutoka nyuma ya meza kama anavyovuta gunia. Baada ya hapo sikuweza tena kuhesabu nani alipiga nini. Niliona buti. Niliona mwiko wa chuma wa jikoni, sijui nani aliuchukua. Niliona mwanamke mtu mzima, mwenye rozari shingoni, akimkanyaga Clifford kifundo cha mguu polepole, kwa makini, anavyokanyaga mtu moto wa majani. Kijana alikuwa anasema kwa Kisamia, anamwita mama yake, halafu meno yakatoka na maneno hayakueleweka tena, isipokuwa lile la mama.

Halafu Ikiring akasema tuone mkono unaoiba. Wakamshika wanne, wakauweka mkono wake wa kulia juu ya bamba la mizani. Kuna jiwe pale tunaloweka chini ya gurudumu la lori lisirudi nyuma. Ikiring akaliinua. Mizani ilikuwa bado inawaka, Baba, hakuna aliyeizima. Kila pigo lilisomeka kwa taa nyekundu. Thelathini na moja. Arobaini na nne. Mtu mmoja alianza kuzisoma zile namba kwa sauti kama mchezo, akafika hamsini na mbili akaacha, akaenda pembeni akatapika. Kaka hakuacha.

Aliyemwokoa ni yule yule mama aliyeibiwa. Proscovia aliteremka kutoka kwenye magunia yake akamlalia Clifford kwa mwili wote, akasema kama wanataka kuua waanze na yeye, maharagwe ni yake na damu hii hakuiagiza. Walimwachia kwa aibu. Daktari amekata vidole vitatu. Jicho moja linaona ukungu. Mbavu zitapona, wanasema. Mkewe Kevina anamlisha uji kwa kijiko, na ni mjamzito wa miezi saba.

Sasa utaniuliza mimi nilikuwa wapi wakati wote huo. Nitajibu, lakini kwanza lazima nikueleze jinsi nilivyokuwa Sabini, kwa sababu hukunijua kwa jina hilo mpaka ulipokuja na mahindi yako.

Nilipofika ghalani hapa miaka miwili iliyopita nilikuwa mpagazi. Zamani Swabur alikuwa na mizani ya kizamani na mawe yake ya chuma, lakini wauza vyuma chakavu waliyaiba mawe yote kwa wiki moja. Akanunua hii ya umeme. Mizani ya umeme, Baba, ni kama kuruta: haijui kitu mpaka uifundishe. Unaiwekea kitu chenye uzito unaojulikana, unabonyeza, unaiambia hiki ni kilo kadhaa, nayo inaamini, na kila kitu kingine inakipima kwa imani hiyo. Jiwe halikuwepo. Mimi nilikuwa nimetoka kliniki kupimwa malaria, na karatasi ilisema kilo sabini kamili. Swabur akacheka sana. Akasema Herbert ndiye jiwe letu, tena jiwe lenye miguu, nani ataliiba?

Ikawa ndiyo kazi yangu. Kila asubuhi wakulima wakifika, napanda mbele yao, taa inasoma sabini, wanapiga makofi. Walinipenda. Jiwe la chuma mtu anaweza kulichimba ndani, lakini mtu ni mtu, anatoka Merikit, baba yake anajulikana. Sikubeba tena magunia. Nilikaa kivulini nikingoja kuitwa, na kivuli chenyewe kilikuwa cha jiko la Hajara.

Hajara ni mke wa Swabur, na Mungu anisamehe nikisema neno baya juu yake, kwa sababu sina. Anapikia madereva wa malori, nao hawana saa. Kwa hiyo jiko lake halizimwi. Alfajiri kuna chai ya maziwa na mandazi. Saa tatu, chapati na mayai. Saa tano supu ya kwato, ile tunayoita mulokoni, inayonata midomoni. Mchana wali na kuku wa kukaanga, alasiri sambusa, jioni samaki ngege mzima amelala kwenye mafuta mkia juu. Katikati ya hayo yote kuna mihogo ya kukaanga kwenye beseni, imefunikwa kwa gazeti, unapita unachukua. Hanyimi mtu. Akikuona mikono mitupu anaona ni yeye aliyekosa adabu.

Nataka unielewe, maana najua unafikiri ni ulafi tu, na ungenizaba kofi, na ningelistahili. Kwetu tulikula mara mbili kwa siku. Mama aliweka atap, ule ugali wake wa wimbi, katikati, mikono saba ikaingia, na bakuli likiwa jeupe tuliinuka tukasema tumeshiba. Baba, hatukuwa tumeshiba. Chakula kilikuwa kimekwisha. Nimefika umri wa miaka thelathini sijui kushiba ni nini, najua kwisha tu. Nikaja mahali ambapo chakula hakiishi. Nilingoja bakuli liniambie basi, na bakuli halikusema.

Mwanzoni nilikula nikiwa na njaa. Baadaye nilikula kwa sababu nilisikia mafuta yanalia. Baadaye nilikula kwa sababu dereva amekaa anakula na mimi nimekaa. Jambo la ajabu ni kwamba kadiri nilivyokula ndivyo njaa ilivyoamka mapema. Nilikuwa natoka kwenye wali, naenda kunawa, naona mihogo, na mate yananijaa mdomoni kana kwamba sijala tangu juzi. Tumbo liliacha kuuliza. Jicho ndilo lilikuwa linaomba, na jicho halina mwisho. Siku za sikukuu ya Iddi nilikula mpaka nikalala chini ya lori, nikaamka, nikaendelea.

Unaukumbuka mkanda wako wa jeshi ulionipa nilipoondoka? Nilikuwa naufunga tundu la nne. Krismasi ya mwaka juzi nikahamia la tatu, Pasaka la pili, na kufika katikati ya mwaka jana nilikuwa nimechukua msumari nikatoboa matundu mapya mwishoni. Sasa umetundikwa ukutani. Suruali naifunga kwa kamba ya katani.

Na ile mizani? Nikipanda inasoma sabini na mbili. Swabur anakuna kichwa anasema mizani imevimba. Nakuapia, hayo ndiyo maneno aliyosema, na sisi wote tulikubali. Mizani imevimba! Clifford anabonyeza, anaiambia huyu ni sabini, inarudi sabini. Mwezi ukifuata imevimba tena. Wapagazi walisema ni joto, wengine walisema ni umeme wa siku hizi. Kila siku nilipita mbele yao shavu limejaa, shingo imekuwa mbili, na hakuna aliyesema kilichovimba ni Herbert. Jiwe haliwezi kunenepa. Hilo lilikuwa kama kanuni.

Sasa naja kwako, Baba. Tarehe 21 Januari ulileta mahindi yako, magunia tisa, umeyajaza mwenyewe debe sita sita, na Ikiring ameyaendesha kwa pikapu ya kukodi. Ulikuwa umevaa koti lako la Jumapili. Waliponiita nikapanda na taa ikasoma sabini, uligeuka ukawaambia wale wazee wa Osukuru kwamba huyu ni mwanangu, mizani hii ni mwanangu. Sitasahau ulivyosema. Halafu magunia yako tisa yakapimwa, na yakapungua kwa gunia moja na zaidi ya nusu.

Hukumgombeza Clifford. Hukumgombeza Swabur. Mizani ilikuwa mwanao, kwa hiyo haikuwa na kosa. Ulimgeukia Ikiring aliyekuwa na mahindi njiani. Ukamuuliza ameyashusha wapi, ameyauza kwa nani, kwa pombe ya nani. Kaka akaapa kwa watoto wake. Ukamngoja mpaka nyumbani, na Amuge ameniambia yaliyobaki: kwamba ulimpigisha magoti uani, mbele ya mkewe na watoto wake wanne, ukamchapa kwa fimbo ya mti mbichi mpaka ikavunjika, ukachukua ya pili. Kwamba mwanawe mkubwa alikushika mguu ule wenye risasi akikuomba, ukamtupa pembeni. Kwamba Ikiring hakunyanyua mkono hata mara moja, alilia tu, akasema, "Sikuiba, Baba." Ana kovu kutoka sikio hadi shingoni. Alikuwa nalo, bado linachuruzika, siku aliyomshika Clifford. Unaelewa sasa alikuwa anampiga nani? Alikuwa anampiga mtu aliyemfanya aitwe mwizi na baba yake.

Basi, Baba, kaa chini. Mficha uchi hazai, nami nimeficha vya kutosha.

Clifford ndiye wa kwanza kushtuka. Ilikuwa mwanzo wa Januari. Alikuja kwangu kivulini, peke yake, akaniambia kwa upole niende kliniki nikapimwe, kwa sababu anaona aibu kila akibonyeza. Alikuwa amemwomba Swabur anunue jiwe la chuma, Swabur akamwambia chuma hakina mashahidi. Nikaenda, nikidhani nitarudi nimcheke. Nesi alinipandisha akaandika: themanini na sita.

Nilijua siku ile ile. Darasa la saba nililimaliza, hesabu hiyo haihitaji mwalimu. Mizani ikiambiwa mtu wa themanini na sita ni sabini, inamla kila mkulima. Inakula kwenye kila gunia. Nilirudi na karatasi mkononi nikamwonyesha Swabur. Aliisoma, akaikunja, akanirudishia, akamwambia Hajara aniongezee kuku. Basi. Swabur ana dhambi yake na ataibeba mwenyewe, mimi sitaitumia kufunikia yangu.

Nilikaa nikala yule kuku. Nilijiambia kesho nitasema. Kesho kulikuwa na mulokoni. Nilijua nikisema, sitakuwa Sabini tena, nitarudi kwenye magunia, na kiti kile cha kivulini, karibu na beseni la mihogo, atakalia mwingine. Nimejitafutia sababu nyingine nzuri zaidi ya hiyo wiki nzima sasa, sababu ya mtu mzima, sijaipata. Sikutaka kuondolewa karibu na chakula. Clifford aliniuliza mara mbili nimesomaje, na mara zote mbili nilimwambia sabini. Uso wangu mnene ukiwa mbele yake, mafuta bado kidevuni, nilimwambia sabini. Akaniamini au akaamua kunisitiri, sijui. Aliendelea kubonyeza kwa sababu mimi nilimwambia.

Nimekuwekea ile karatasi ya kliniki ndani ya bahasha hii. Angalia tarehe. Ni tarehe 6 Januari. Wewe ulileta mahindi tarehe 21. Nilipopanda mbele yako na wale wazee, ukasema mizani hii ni mwanangu, karatasi hiyo ilikuwa mfukoni mwangu.

Ikiring hakuiba, Baba. Yale mahindi uliyomchapia yaliingia tumboni mwangu.

Na nilikuwa wapi walipokuwa wakimvunja Clifford vidole? Nilikuwa jikoni. Hajara alikuwa amekimbilia kwa jirani, sufuria ziko wazi. Nilisimama mgongo ukiwa kwenye ukuta, uwanja nikiuona kupitia mlangoni, nikasikia lile jiwe linapanda na kushuka, na mkono wangu ulikuwa unatia sambusa mdomoni. Sikuwa na njaa. Sikusikia ladha. Nilikula sahani nzima, na iliyofuata. Kila aliposema jina la mama yake nilimeza.

Hajara ameshajua, nilimwambia Ijumaa. Alimwaga mafuta yote ya jikoni uani, akazima moto, akaenda kwa ndugu zake Tororo. Alisema hakuna mtu atakayekula tena mkononi mwake mpaka aambiwe chakula chake kilifanya kosa gani. Hakikufanya kosa, na nilimwambia hivyo.

Leo asubuhi nilikwenda hospitali. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi, hata kwa kupigwa na Kevina. Clifford alikuwa ameegemea mto, mkono umefungwa mpaka umekuwa kama mzinga wa nyuki. Aliniangalia kwa lile jicho zima. Halafu, kwa kuwa nimesimama kando ya kitanda chake kama mgeni na yeye amelelewa vizuri na wazazi wake, aliniuliza, "Umekula?"

Nilitoka nje nikalia mpaka mlinzi akaja. Nilirudi nikamwambia yote mbele ya Kevina.

Sasa naomba mambo mawili. Mwite Ikiring uani, mahali pale pale, mbele ya mkewe na wale wanne, na umwambie kwa mdomo wako kwamba hakuiba. Sijui kama umewahi kumwomba mtoto msamaha, kwetu sikuona, lakini mimi nakuomba kwa goti. Na ukishamaliza hilo mpe barua hii aisome mwenyewe, kisha umnyang'anye funguo za zile pikipiki. Kesho kutwa, Alhamisi, Proscovia ataleta mizani ya kanisa hapa ghalani, nimemwomba. Nitapanda mbele ya wakulima wote nisomwe. Huenda wakanipiga. Ijumaa asubuhi, nikiwa bado natembea, nitakuwa kwenye lango la hospitali, nimemshika Clifford ule mkono wake uliobaki. Kama kaka atakuja licha ya yote haya, mwambie asimtafute mwingine. Mimi ni mkubwa siku hizi, hawezi kunikosa.

Nisalimie Mama, na umwambie taratibu, presha isipande. Nisalimie mke wa Ikiring na watoto wake wote wanne, hasa yule mkubwa aliyekushika mguu. Nisalimie wazee wa kanisani na yeyote atakayeuliza habari zangu, na usiwafiche. Nimesimama bado, Baba, visigino pamoja. Usiniambie nipumzike.

Ni mimi mwanao,

Herbert Ebong,
kilo themanini na tisa, nimepimwa leo hospitalini.